Jina Tulilomwazima Rubani

Jumanne ilikuwa siku ya mawe. Kikundi chetu cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, kilikuwa kinajenga ukuta wa kuzuia mchanga mtoni, huku kwetu upande wa Muthetheni, na kila mwanamke alijua kazi yake: kuna wa kuvunja mawe kilimani, wa kuyabeba, na wa kuyarundika pale ambapo fundi angeyakuta. Mto wenyewe hauna maji ila mvua inaponyesha. Maji tunayachimba chini ya mchanga, na ukuta ukisimama vizuri mchanga hujaa nyuma yake, ukashika maji hadi katikati ya kiangazi. Mgeni wa Nairobi akija huuliza mto uko wapi, na yeye amesimama ndani yake.

Mimi nilikuwa wa kubeba. Siku hiyo nilichelewa kwa sababu mbuzi wangu alikuwa anazaa, na Kalondu akanipokea kwa ule mdomo wake. Kalondu ndiye mwenyekiti wetu, na ameolewa na kaka wa marehemu mume wangu, kwa hivyo hana namna ya kunikimbia wala mimi sina namna ya kumkimbia.

"Mama Nthenya," akasema, "ni mbuzi alizaa ama ni wewe?"

Wenzetu wakacheka. Nikamwambia anyamaze anitwike jiwe. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana mpaka leo.

Ndege zilipita juu kama kawaida. Zilikuwa ndogo, za pangaboi mbele, zenye mlio kama mashine ya kusaga unga, na tulikuwa tumezizoea hata mbuzi hawakuziangalia tena. Tulijua ni za jeshi, na kwamba ndani yake ni vijana wanaojifunza. Vita vyenyewe vilikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka. Watoto wa kwetu wengine walipelekwa huko, na habari zake tulizisikia redioni tukichagua pojo. Haikunijia akilini kwamba hata vita vina mahali pa kujifunzia, na kwamba mahali penyewe ni juu ya vichwa vyetu.

"Hao wanachoma mafuta ya serikali," Kalondu alisema, "na sisi tunabeba mawe kwa kichwa."

Zilikuwa mbili, moja mbele, nyingine nyuma yake kwa karibu. Baadaye tulielezwa kwamba ile ya mbele ilikuwa na mwalimu na ya nyuma ilikuwa na mwanafunzi, kila mtu peke yake, na kwamba kuruka vile karibu karibu ndilo lilikuwa somo la siku hiyo.

Nilikuwa nimeinama kutua jiwe.

Mlio mmoja ukakatika.

Watu huniuliza kama kulikuwa na mlipuko. Hapana. Ilikuwa sauti kavu, kama bati likikanyagwa na ng'ombe. Nikainua macho, na ndege ya mbele ilikuwa haina bawa.

Ilijizungusha, ikashuka nyuma ya kilima. Mlipuko ulitoka huko.

Ya pili ilienda mbele kidogo kana kwamba haijaguswa. Kisha ikainamisha pua. Kitu cheusi kikatoka.

"Ni mtu," Kalondu akasema.

Mwavuli wake ulifunguka, lakini ulifunguka karibu na ardhi. Ndege yake ilimpita, ikaanguka shambani kwa jirani na kuchoma mahindi. Yeye alianguka mtoni.

Mto mzima ni mchanga. Alianguka pale tulipokuwa tumerundika mawe.

Hilo nimeliwaza mpaka nikachoka, na sitaki tena kuliwaza. Wanawake wengine walikimbia wakidhani ni mabomu, na siwezi kuwalaumu, wana watoto. Mmoja alipanda kilimani kutafuta mtandao apige simu. Mimi na Kalondu tulienda kwake. Sikuenda kwa ujasiri. Miguu yangu ilikuwa inaelekea huko tayari, na kugeuka ilikuwa kazi zaidi.

Alikuwa kijana mdogo. Ovaroli yake ya kijani ilikuwa imechanika kuanzia bega hadi tumboni, na pale kifuani ambapo askari hushonewa jina hapakuwa na kitambaa chochote. Miguu sitaielezea. Macho yalikuwa wazi na yaliniona.

"Usimwinue," Kalondu akaniambia. "Tutavunja kile kimebaki."

Nikakaa mchangani, nikamshika mkono. Nikamuuliza anaitwa nani. Midomo ilichezacheza lakini sauti haikutoka. Nikamuuliza tena, na safari hii akafumba macho, nikaogopa.

Kwetu mtu anayeondoka haachwi aondoke kimya kama mtu asiye na wenyewe. Unamwita kwa jina. Akiitika, bado yuko na nyinyi; asipoitika, amekwenda, lakini amekwenda akiitwa. Mama yangu tulimwita hivyo, na mume wangu nilimwita hivyo mimi mwenyewe, katika wodi, muuguzi akiniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Sasa niko na mtoto wa watu mkononi na sina jina lake.

Nilimtazama Kalondu. Huyo mwanamke nitamsema vibaya mpaka nife, lakini hakukawia.

"Huyu ametupata njiani," akasema. "Mwite Kyalo."

Kyalo ni safari. Mtoto aliyezaliwa mama akiwa njiani tunamwita hivyo, kama vile wa wakati wa mvua anavyoitwa kwa mvua yake. Hatukulifikiria zaidi ya hapo. Tungempa mtoto yeyote jina kwa njia hiyo hiyo.

"Kyalo," nikaita.

Akafungua macho. "Niko," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyelelewa, anayejua kuitika mtu mzima. Nikamwita tena, akaitika tena. Kalondu alikuwa amevua leso yake anamkinga jua usoni.

"Mwalimu ametoka?" kijana akaniuliza.

Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya kilima. Mimi niliuona, yeye hakuweza kuuona.

"Ametoka," nikamwambia.

Akatulia. Nikamwita, akanibana kidole. Nikamwita.

Nikamwita.

Kalondu akashusha leso.

Helikopta ilikuja, na magari, na askari wakatusukuma nyuma kwa adabu. Ofisa mmoja alituuliza tuliona nini. Kalondu alieleza vizuri, mwanzo hadi mwisho, na akamaliza kwa kusema, "Kyalo alikufa hapa, mkononi kwa huyu." Ofisa alimtazama kwa mshangao, akaandika, akaenda. Waliokuwa wamesimama karibu pia walisikia, na miongoni mwao walikuwa vijana wa boda boda. Habari ikipanda pikipiki, nani ataikimbiza? Kabla helikopta haijainuka na mwili, jina lilikuwa limeshafika Kithimani. Rubani aliyekufa ni Mkamba. Anaitwa Kyalo.

Na Kithimani palikuwa na mama anayeuza vitunguu sokoni, ambaye mwanawe Kyalo alikuwa anajifunza urubani.

Alifika alasiri. Alishuka pikipiki kabla haijasimama, akaanguka, akainuka, kitambaa cha kichwa hana, kiatu kimoja hana. Hatukujua ni nani. Aliwapita askari kama hawapo, akaja pale kwenye mawe, akaona leso ya Kalondu ambayo walikuwa wameiacha, yenye damu. Aliiokota akaikumbatia. Kilio chake kilikuwa kimoja kirefu, na ndani yake nikasikia jina.

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Mwaitu," nikamwambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, "huyo Kyalo si wako. Ni jina tulimpa sisi. Tulikuwa hatujui lake."

Hakunisikia. Nilimshika mabega nikarudia. Akanitazama kama mtu anayetukanwa.

"Mwanangu simu yake haiingii," akasema.

"Huenda wanafunzi wote wamezimiwa simu. Mwanao yuko aje? Ana alama gani?"

Ilimchukua muda. "Ako na mwanya hapa mbele. Kama wangu."

Nilikuwa nimeuona mdomo wa yule kijana kwa karibu kuliko kitu chochote siku hiyo. "Huyu hakuwa na mwanya," nikamwambia.

Akanikazia macho kutafuta uongo. Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti, akiwa ameikumbatia leso ya damu, na machozi bado yanashuka. Nimeona mambo katika maisha yangu, lakini kicheko kile sijawahi kukisahau. Kilikatika ghafla. Akaitazama leso, akaikunja polepole, akaiweka juu ya jiwe.

"Basi huyu ni wa nani?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Tuliketi naye mpaka simu yake ilipolia, na ilikuwa ni Kyalo wake, mzima, akiuliza kwa nini amempigia mara nyingi hivyo. Alimjibu kwamba alitaka tu kumsalimia.

Wa nani, tulijua baadaye. Aliitwa Wandera, na kwao ni Busia. Walimzika huko, na sisi huku tukakusanya tukatuma rambirambi kupitia kwa chifu, tukadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Baada ya mazishi mama yake alikuja, pamoja na baba mdogo wa marehemu. Jeshi liliwapa gari. Mama alikuwa mrefu, mkimya, amevaa nguo nyeusi, na alitushukuru mmoja mmoja kwa kutushika mikono yote miwili. Mama wa Kyalo pia alikuwepo. Alikuwa amesikia wanakuja, akatoka Kithimani na vitunguu vyake akasema hawezi kukosa.

Baba mdogo ndiye aliyeeleza shida iliyowaleta. Kwao, alisema, mtu akifia mbali, mwili kurudi nyumbani hautoshi. Wenyewe lazima waende mahali alipofia wamwite kwa jina lake, wachote udongo wa hapo, warudi naye nyumbani wakizungumza naye njia nzima. Bila hivyo anabaki amesimama pale pale, anangoja. Mama yake alikuwa anamwota kila akilala. Katika ndoto anamwita, naye amempa mgongo.

Kalondu akanisogelea. "Usimwambie," akaninong'onezea kwa Kikamba. "Waache waite, waende salama."

Ni ushauri wa mtu mwenye akili. Lakini nilimtazama yule mama, nikaona atarudi Busia, aote tena, na asijue kwa nini. Nikamwambia. Nilimweleza kwamba mwanawe hakufa peke yake, kwamba nilimshika mkono, kwamba alimuulizia mwalimu wake. Yote hayo aliyapokea kwa kutikisa kichwa. Nilipofika kwenye jina, akaacha kutikisa.

"Mlimwita nani?"

"Kyalo."

"Na aliitika?"

"Aliitika, mama. Mpaka mwisho."

Baba mdogo akavua kofia. Hakukasirika; ilikuwa afadhali angekasirika. "Sasa," akasema taratibu, "kama jina la mwisho kuitikia ni hilo, tukija sisi na Wandera atajuaje ni yeye anaitwa?"

Mimi ni Mkristo, naenda kanisani, na kuna mambo ambayo mchungaji wetu angesema kuhusu maneno hayo. Lakini nilijua alichokuwa anasema, kwa sababu mimi mwenyewe niliyemwita yule kijana niliamini kwamba kuita kuna kazi yake. Huwezi kuamini leo, kesho ukatae kwa sababu mgeni ndiye anayesema.

Mama wa Wandera akafikiri. Kisha akasema, "Waliompa hilo jina wamwite kwanza. Akigeuka, mimi nitamwita kwa lake."

Kalondu akapiga hatua mbele. Alikuwa tayari.

"Hapana," Mama wa Kyalo akasema.

Alikuwa amesimama kando, na vitunguu bado mkononi. "Samahani, mama. Mimi nakuhurumia. Lakini Kyalo ni mwanangu, na ako hai, na kesho anaruka. Hakuna mtu ataita jina lake kwa mahali pa kifo nikiwa hapa."

Nilimkasirikia na nilimwelewa, vyote kwa pamoja. Mimi nina mwanangu Nthenya. Mtu angesimama kwenye damu ya mtu akaita "Nthenya", ningemfunga mdomo kwa mkono. Mama wa Wandera hakumbembeleza. Alisema kwa upole.

"Niliambiwa wewe ulimlilia siku ile."

"Nilidhani ni wangu."

"Najua. Mimi siku hiyo nilikuwa shamba, napalilia. Sikujua kitu mpaka siku ya pili. Siku ile aliyokufa, mama aliyemlilia ni wewe."

Mama wa Kyalo alishusha vitunguu chini. Alitembea mpaka kwenye mawe, akasimama akitupa mgongo. Nilidhani anaondoka.

"Nitaita mimi," akasema. "Mimi ndiye nilimzaa Kyalo njiani, nikienda hospitali. Nikiita mimi, wangu atajua si yeye naita."

Akapaza sauti, hiyo sauti ya sokoni ambayo humfikia mnunuzi wa mwisho. "Kyalo wangu, wewe kaa huko uliko. Si wewe." Akavuta pumzi. "Kyalo mgeni. Wewe ulianguka hapa. Jina hilo tulikuazima kwa sababu ulikuwa huna. Sasa turudishie. Mama yako amekuja na lako. Msikilize."

Akarudi nyuma. Mama wa Wandera akasogea mahali pale pale.

"Wandera," akaita.

Hakuna kilichotokea. Upepo haukuvuma, jani halikuanguka, na mbuzi waliendelea kula ukingoni. Aliita tena, akazungumza naye kwa lugha yao kwa muda mrefu, sauti ya kawaida, kama mama anayemwambia mtoto avae viatu waende. Kisha akachota mchanga, akaufunga katika kitambaa cheupe, akaubeba kifuani mpaka garini. Vitunguu alivyoletewa na Mama wa Kyalo alivichukua pia. Mama wa Kyalo alimsindikiza, na walipoagana walishikana kwa muda mrefu hata dereva akazima gari.

Siku moja mama wa Wandera alinipigia simu. Alisema ameacha kuota.

Ukuta tuliumaliza. Yale mawe hatukuyatumia. Fundi alikataa, na sisi pia tulikataa, tukabeba mengine. Mchanga umejaa, maji yapo, mbuzi wanakunywa mwezi ambao zamani tungekuwa tunauza mbuzi. Kyalo bado anaruka. Ameoa, ana watoto, na mama yake akisikia ndege huacha mizani akatoka nje ya kibanda kuiangalia mpaka ipotee, wateja wamesimama. Ofisa mmoja aliwahi kutuambia, katika kutufariji, kwamba vijana hujifunzia huku ili wasife kule. Nilimheshimu kwa sababu alikuwa na machozi. Lakini wawili walikufa huku, na yule mwalimu hata hakuwa na mtu wa kumwita. Kila nikiona kilima kile namkumbuka, naye sikumwona hata uso.

Kitu kimoja kilinishinda. Mahali pale watu walikuwa wameshapaita Kwa Kyalo, na jina la mahali halisikii mtu. Nimewasahihisha wachuuzi, nimemsahihisha chifu, nimewasahihisha watoto wa shule, Kalondu ananiambia nitakufa nikisahihisha. Nikamwambia vizuri, basi wewe utaendelea.

Juzi nilikuwa natoka sokoni na unga. Kijana wa boda boda, mgeni huku, akaniuliza kwa heshima, "Mama, nakushusha Kwa Kyalo?"

"Kyalo yuko hai," nikamwambia. "Hapo ni Kwa Wandera."

Akacheka kidogo. "Wandera ni nani?"

Nikamwambia azime pikipiki.